Land Rover ya babu na pampu isiyojua umeme

Muga! Hivyo ndivyo tunavyosalimiana huku Meru. Wewe unayesoma ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, jibu tu "muga muno" halafu tuendelee.

Samahani kwa ukimya wa wiki kadhaa. Najua niliahidi kuandika sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata, na wengine mmeniulizia. Itakuja. Leo lakini naomba mniruhusu niache tarakilishi zetu za kila siku niwaeleze habari ya tarakilishi moja ya chuma ambayo haina skrini, haina kibodi na haitumii hata chembe ya umeme ikishaanza kazi. Nayo imefungwa ubavuni mwa injini ya Land Rover ya babu yangu, nyumbani kwetu Nkubu, upande wa juu karibu na msitu.

Naanza na usiku mmoja wa Aprili 2018. Nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu, nasomea sayansi ya kompyuta, na kijijini nilikuwa naitwa "mtaalamu" kwa sababu nilijua kuweka mtandao kwenye simu za watu. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Saa nane usiku nyanya akashindwa kupumua vizuri. Hakuna teksi ambayo ingepanda ile barabara ya udongo mwekundu usiku ule, kwa hiyo tulimfunika mablanketi tukampandisha kwenye Land Rover, baba akashika usukani. Tulienda kama kilomita mbili. Injini ikaanza kukohoa, ikapoteza nguvu, ikazima. Baba alipiga stata mpaka betri ikachoka. Tulikaa pale gizani mpaka saa kumi na moja alfajiri, pikapu ya maziwa ilipopita ikatubeba.

Nyanya alipona, Mungu ni mwema. Lakini zile saa tatu sijazisahau. Mimi mtaalamu nilikuwa nimesimama mbele ya boneti iliyo wazi, nikimulika kwa tochi ya simu, na sikujua hata bomba gani linaleta mafuta na lipi linarudisha.

Kesho yake fundi alikuja. Ni mzee ambaye maisha yake yote ametengeneza matrekta kule Timau kwenye mashamba ya ngano. Alifungua bakuli la filta, akamimina kilichomo kwenye kikombe cha bati. Maji yalikuwa yamejaa kiasi cha kidole kizima. Akanusa dizeli iliyobaki, akatabasamu bila furaha. "Kijana, hii ni mafuta ya taa yamesalimiana na dizeli." Tulikuwa tumenunua kwenye mitungi, kando ya barabara, kwa bei ya huruma.

Baba akasema gari liuzwe kwa watu wa vyuma chakavu. Mimi nikaomba muda. Na ili nijue kama lafaa kuokolewa, nililazimika kwanza kujua lilitoka wapi.

Dizeli kabla ya dizeli

Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyezaliwa Paris, aliomba hataza ya injini yake mwaka 1892. Wazo lake ni rahisi kulieleza. Ukishindilia hewa kwa nguvu sana inapata joto kali, na ukiingiza mafuta wakati huo yanawaka yenyewe, bila plagi ya cheche. Mwaka 1897 kule Augsburg injini yake ilionyesha kwamba inageuza karibu robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi, jambo ambalo injini ya mvuke ya siku zile haikuweza kulikaribia.

Tatizo lilikuwa ni namna ya kuyaingiza hayo mafuta. Ndani ya silinda kuna shinikizo kubwa, nawe unataka kupenyeza tone dogo, kwa kipimo sahihi, kwa wakati sahihi, na liwe ukungu mwembamba. Diesel alitumia hewa iliyoshindiliwa kuyapuliza mafuta ndani, na mtambo wa kushindilia hewa hiyo ulikuwa mkubwa na mzito. Ndiyo maana injini za kwanza za dizeli zilikaa viwandani na kwenye meli. Diesel mwenyewe alitoweka baharini Septemba 1913, akisafiri kwa meli kutoka Antwerp kwenda Uingereza, kabla hajaona gari dogo la dizeli barabarani.

Aliyefungua njia ni kampuni ya Robert Bosch. Ilianza kazi ya pampu ya dizeli mwaka 1922, na mwaka 1927 ikaanza kuitengeneza kwa wingi. Pampu ile ilisukuma mafuta yenyewe bila msaada wa hewa. Ndani yake kila silinda ilikuwa na kipistoni chake, vimepangwa mstari mmoja. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ikatoa gari dogo la dizeli, 260 D. Lakini pampu ya mstari ina gharama: injini ya silinda nne inahitaji vipistoni vinne vilivyosagwa kwa usahihi wa ajabu, navyo lazima vilingane. Wewe mwandishi wa programu utaelewa hapo. Ni kama kunakili msimbo uleule mara nne halafu uombe nakala zote zibaki sawa.

Katika miaka ya 1950 fundi wa Marekani aitwaye Vernon Roosa aliingiza sokoni jibu jingine: pampu ya kuzunguka. Badala ya vipengele vinne, kuna kimoja tu, na rota inayozunguka inagawa mafuta kwa silinda moja baada ya nyingine. Msimbo mmoja, unaitwa mara nne. Kampuni ya CAV ya London, iliyoitwa kwa herufi za jina la mwanzilishi wake Charles Anthony Vandervell, ikachukua leseni ya wazo hilo na kutoa pampu yake ya DPA. Ilikuwa ndogo, ya bei nafuu, na ikaenea kila mahali. Trekta la Massey Ferguson 135 unalolijua lilikuwa nayo. Land Rover ya babu pia inayo. Sasa unaona kwa nini fundi wa matrekta ya Timau aliielewa gari yetu kuliko mafundi wa mjini.

Land Rover inakuja na petroli

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam Aprili 1948, nayo ilikuwa ya petroli. Ndizo zilizozunguka huku kwetu zikibeba maafisa, wamisheni na askari wa wanyama. George Adamson, yule wa simba Elsa aliyezikwa katika Mbuga ya Meru, alikuwa mtu wa Land Rover mpaka siku aliyouawa na majambazi kule Kora, Agosti 1989, akiwa kwenye usukani.

Injini ya dizeli ya lita 2 iliingizwa mwaka 1957. Ikakuzwa mwaka 1961 kuwa ya sentimita za ujazo 2,286, na kwa umbo hilo ikakaa mpaka mwaka 1984. Nguvu zake ni farasi 62 tu. Ukipanda kutoka Daraja la Nithi ukiwa na gunia kumi za waru, lori lenye mzigo wa mbao litakupita na dereva wake atakupungia mkono. Lakini ilishindilia hewa mara 23, iliwaka, na haikuomba mengi.

Mwaka 1974 Leyland ilianzisha kampuni yake Thika, na Land Rover zikawa zinaunganishwa hapahapa nchini. Serikali ilizitumia kila pembe. Babu aliinunua yake mwaka 1988 kwenye mnada wa magari ya serikali yaliyochoka, na mlangoni kivuli cha herufi GK bado kinaonekana jua likipiga kwa pembeni. Kwa gari lile alisomesha watoto sita, kwa kubeba waru, kahawa, maiti na maharusi.

Programu iliyoandikwa kwa chuma

Nilipoifungua ile pampu pamoja na fundi, nilipigwa na butwaa. Ndani kuna vipandevizito vinavyozunguka. Injini ikienda kasi, vinatanuka kwa nguvu ya mzunguko na kuvuta vali inayopunguza mafuta. Ikipungua kasi, vinarudi ndani na vali inafunguka. Hicho ni kidhibiti mwendo. Sisi Wakenya neno hilo tulilijua vizuri mwaka 2004, Waziri Michuki alipolazimisha matatu zote zifungwe vidhibiti mwendo. Kumbe James Watt aliutumia ujanja huohuo kwenye injini ya mvuke mwaka 1788.

Mwaka 1868 James Clerk Maxwell aliandika makala ya hesabu kuhusu vidhibiti hivyo, akiuliza kwa nini vingine vinatulia na vingine vinayumba. Norbert Wiener alipotafuta jina la sayansi mpya ya udhibiti na mawasiliano, katika kitabu chake cha mwaka 1948, alichukua neno la Kigiriki lenye maana ya nahodha kwa kuikumbuka makala ile ya Maxwell. Mwaka 1948, ndugu msomaji! Mwaka uleule wa Land Rover. Nilifundishwa habari za mrejesho darasani kwa mishale ubaoni, nikafaulu mtihani, na sikuuelewa mpaka niliposhika vile vipande kwa vidole vyenye dizeli.

Pampu hii haihitaji betri kusukuma mafuta. Betri inatakiwa kwa stata na kwa zile plagi za kupasha joto asubuhi. Na hapo pana kichekesho: kwenye injini yetu plagi zote nne zimeunganishwa kwa mfuatano, moja nyuma ya nyingine, kama taa za zamani za Krismasi. Moja ikiungua zote zinalala, na asubuhi ya baridi gari linagoma kabisa. Walioandika mifumo ambayo huduma moja ikianguka zote zinaanguka, nadhani mmenielewa.

Mazingira yalipobadilika

Sasa tufike kwenye kiini. Kila programu imeandikwa kwa kudhani jambo fulani kuhusu mazingira yake. Pampu ya DPA ilidhani jambo moja kubwa: kwamba dizeli yenyewe ndiyo itakayoilainisha. Ndani yake hakuna oili. Rota na sehemu inamozungukia zimesagwa pamoja kama jozi, na nafasi kati yake ni mikroni chache tu, wakati unywele wa kichwani una upana wa mikroni kama 70. Mafuta yanayopita ndiyo mafuta yanayolinda. Pampu ya mstari ya zamani, kwa upande wake, sehemu zake za chini huoga kwenye oili.

Dhana hiyo imepigwa mara mbili.

Pigo la kwanza lilikuwa la ushuru. Kwa miaka mingi Kenya ilitoza mafuta ya taa kodi ndogo, kwa nia njema, kwa kuwa ndiyo nishati ya mnyonge ya kupikia na ya taa. Lakini pengo la bei kati yake na dizeli likawa mwaliko kwa wajanja. Mafuta ya taa yana uteute mdogo kuliko dizeli, hayalainishi vizuri, na ukiyachanganya injini bado inawaka, kwa hiyo mnunuzi hagundui. Kinachogundua ni pampu, polepole. Septemba 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua biashara hiyo. Miezi mitano baada ya usiku wetu. Na walioumia kwa tozo hiyo ni walewale wa koroboi na jiko la mchina, hilo nalo tuliseme.

Pigo la pili ni la heri, na ndiyo maana ni gumu kulilaumu. Tarehe 1 Januari 2015 Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki walihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, badala ya 500. Ni jambo jema kwa mapafu ya watoto wetu. Lakini kule kiwandani, namna ya kuondoa salfa huondoa pia vitu vingine vinavyoipa dizeli ulaini, kwa hiyo lazima dawa ya kulainisha iongezwe. Vilevile mipira ya zamani ndani ya pampu, iliyozoea dizeli ya aina moja, yaweza kusinyaa na kuvuja dizeli ikibadilika. Wamarekani waliliona hilo mwaka 1993 walipopunguza salfa yao: pampu nyingi zilianza kulia machozi.

Pampu yetu ilikuwa na alama zote mbili. Mipira ilikuwa imekakamaa kama kucha, na rota ilikuwa na mikwaruzo unayoweza kuihisi kwa ukucha. Lakini fundi alinionyesha kitu ambacho kilinifunga mdomo. Usiku ule pampu ilikuwa bado inafanya kazi. Kilichotuzima ni maji kwenye filta, na upepo ulioingia kwenye bomba. Kwa spana moja na dakika kumi, mtu anayejua angeliwasha gari lile pale pale barabarani.

Basi baba alikubali. Pampu ilipelekwa kufanyiwa kazi Nairobi, rota na jozi yake vikabadilishwa pamoja, kwa maana haviuzwi wala kufungwa kimoja kimoja. Bei iliuma. Lakini mimi nilitaka zaidi ya gari zima. Nilitaka nisisimame tena vile.

Ninachofanya sasa

Haya ndiyo niliyojifunza, na kila moja lina sababu yake katika historia niliyokusimulia.

1. Maji kwanza. Kila mwezi, na kila wiki wakati wa mvua, nalegeza skrubu ya chini ya bakuli la filta na kutoa maji. Hushuka chini kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli. Tangi nalijaza jioni, si asubuhi, kwa sababu usiku wa baridi nafasi tupu ndani ya tangi hutoa jasho, na jasho hilo ni maji.

2. Filta kila kilomita 5,000. Kitabu kinaruhusu zaidi, lakini kitabu kiliandikwa kwa dizeli ya nchi nyingine na enzi nyingine.

3. Kutoa upepo. Hii ijue kwa moyo kama unavyojua namba yako ya siri. Legeza skrubu ya juu ya filta. Piga kile kiwiko kidogo cha pampu ya kuvuta mafuta mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Rudia kwenye skrubu za pampu kubwa. Bado haiwaki? Legeza nati za mabomba kwenye nozeli, mtu apige stata mpaka dizeli iteme, kaza. Kiwiko kikiwa kilegevu hakisukumi kitu, usidhani kimekufa: injini imesimama pale ambapo kemu imekishika. Izungushe injini kidogo ujaribu tena. Hilo peke yake lilinigharimu nusu siku.

4. Usafi. Kabla ya kulegeza nati yoyote, safisha kwa brashi na dizeli. Chembe moja ya mchanga ni jiwe kwenye nafasi ya mikroni chache. Na usiweke mkono mbele ya nozeli inayopuliza. Hufunguka kwenye shinikizo la karibu angahewa 135, na ukungu ule waweza kupenya ngozi na kuingia kwenye damu.

5. Moshi ni ujumbe wa kosa, usome. Mweupe asubuhi yenye baridi: mafuta hayajawaka, angalia plagi za joto. Mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa, angalia filta ya hewa na nozeli. Lakini angalia pia uko wapi. Wale wanaopandisha wapanda mlima kutoka Chogoria hadi lango la Mlima Kenya, karibu mita 3,000 juu ya bahari, wanaijua vizuri. Kule hewa imepungua kwa zaidi ya robo, na pampu hii haina njia ya kujua. Inamimina kipimo kilekile. Usikimbilie kugeuza skrubu ya kipimo iliyofungwa lakiri, shuka tu mlima.

6. Nunua dizeli kituoni, weka risiti. Bei ya huruma haina huruma.

Kuna watakaosema haya yamepitwa na wakati. Ni kweli, Land Rover yenyewe iliyaacha. Mwaka 1998 ilileta injini ya Td5 yenye kompyuta inayoamuru kila nozeli, na kiwanda cha Solihull kikatoa Defender ya mwisho ya kizazi kile Januari 2016. Injini za kompyuta hutumia mafuta kwa akili na hutoa moshi mdogo. Mimi naishi kwa kuandika programu, siwezi kuzisema vibaya. Lakini nilijifunza kitu kazini kwangu kutoka kwenye gari la babu. Ninapopewa mfumo wa zamani ambao kila mtu anataka uzimwe na kuandikwa upya, sianzi tena kwa kucheka walioutengeneza. Nauliza ulidhani nini kuhusu dunia, na ni kipi kilichobadilika tangu hapo. Mara nyingi mfumo ni mzima, kilichoharibika ni mafuta.

Nyanya aliishi miaka minne zaidi baada ya usiku ule. Siku ya mwisho pia alibebwa na Land Rover ileile, kutoka mochari hadi nyumbani, polepole, na barabara ilikuwa na matope. Niliendesha mimi. Asubuhi ile nilikuwa nimeamka saa kumi kutoa maji kwenye filta.

Jumamosi iliyopita niliyatoa tena. Yalikuwa kijiko kimoja.

Kama nyumbani kwenu kuna Land Rover, trekta au jenereta ya mzee iliyoegeshwa chini ya mti wa mparachichi, kabla hamjaiita vyuma chakavu, fungueni bakuli la filta mwangalie kilichomo. Halafu niandikie unieleze ulichokuta. Ile ya hifadhidata nitaiandika wiki ijayo, safari hii kweli. Hadi wakati huo, kaeni salama.